Mtazamo wa kwanza: kihisi cha ringi kinachoiweka shafti hewani

Nimekishika! Hatimaye kiko mezani kwangu, wapenzi wenzangu wa mitambo, na moyo unadunda. Ukikitazama haraka utaona bodi ya saketi iliyokatwa mviringo: rangi ya kijani, unene wa milimita moja na nusu hivi, tundu kubwa katikati, na kulizunguka tundu hilo koili nyembamba za shaba zilizochapwa tabaka juu ya tabaka. Hakina skrini, hakina taa ya kupepesa, hakina sehemu hata moja inayocheza. Shafti inapita katikati ya tundu bila kuigusa bodi, na bodi inajibu swali moja tu bila kuchoka: shafti iko wapi sasa hivi? Kulia au kushoto, juu au chini, kwa usahihi unaoshuka chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Hiki ni kihisi cha mahali cha beringi ya sumaku, cha muundo wa ringi unaotumia mikondo ya edi. Kwa msomaji ambaye hajakutana na beringi hizo: ni beringi zisizo na gololi, zisizo na grisi, zisizo na mafuta. Sumaku za umeme hupangwa kuizunguka shafti, huivuta kutoka kila upande, nayo huelea katikati yao ikizunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Hakuna kusagana, kwa hiyo hakuna kuchakaa. Hakuna mafuta, kwa hiyo hakuna kinachovujia kwenye gesi ya kupozea, kwenye chumba cha utupu cha kiwanda cha chipu, wala kwenye damu ya mgonjwa.

Watu wakiiona shafti inaelea hushangilia sumaku. Mimi nimekuja kushangilia kihisi, na msimamo wangu nautoa mapema: katika beringi ya sumaku, kihisi ndicho beringi. Sumaku zinafuata amri tu.

Sumaku ikiachwa peke yake

Mwaka 1842 Mwingereza Samuel Earnshaw alithibitisha kwa hesabu jambo ambalo kila mtoto mwenye sumaku mbili mkononi hulikuta mwenyewe: hakuna mpangilio wa sumaku za kudumu pekee utakaokishikilia kipande kingine cha sumaku hewani, kikatulia bila kuguswa. Ukikiziba kisiponyoke upande huu, kitaponyoka upande ule.

Sumaku ya umeme nayo ina tabia ya kutisha. Mvuto wake unakua kadiri chuma kinavyoikaribia: mwanya ukipungua nusu na mkondo ukabaki uleule, mvuto unakuwa mara nne. Shafti ikikengeuka kidogo kwenda kulia, sumaku ya kulia inaivuta zaidi, ya kushoto inalegea, na shafti inazidi kukimbilia kulia. Beringi ya gololi ukiisukuma shafti yake, inakurudisha. Hapa ukiisukuma, inakimbilia kulekule ulikoisukuma!

Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mikono yote miwili ikiwa huru, hategemei uzito wa ndoo umsaidie. Shingo yake inahisi ndoo inapoanza tu kulala, inaisahihisha, na tone halimwagiki. Beringi ya sumaku inaishi kwa kanuni hiyohiyo: pima, sahihisha, pima tena. Kinachopima kikichelewa au kikidanganya, nguvu zote za sumaku zinageuka kuwa nguvu za kuangusha.

Sasa tazama muda uliopo. Katika mashine nyingi za viwandani mwanya kati ya sumaku na shafti ni karibu nusu milimita. Ndani ya mwanya huo hufungwa beringi za akiba, zenye nafasi ya karibu nusu ya hiyo, ili siku mambo yakiharibika shafti iangukie hapo isizigonge sumaku. Yaani shafti ina robo ya milimita ya kuchezea. Zima kila kitu, iache ianguke kwa uzito wake tu, bila hata kuvutwa: itazifikia beringi za akiba kwa sekunde 0.007! Shafti inayozunguka mara 30,000 kwa dakika inapata mizunguko mitatu na nusu tu katika muda huo. Ndani yake kihisi kipime, kidhibiti kikokotoe, amplifaya ibadilishe mkondo, sumaku iirudishe shafti, kisha kazi ianze upya, mara 10,000 au 20,000 kila sekunde. Kila nikiipiga hesabu hii nasisimka upya.

Watangulizi wetu walifanya hivyo kwa valvu za glasi. Mjerumani Hermann Kemper alipewa hataza ya treni isiyo na magurudumu, inayoelea kwa sumaku, mwaka 1934. Huko Virginia, Marekani, Jesse Beams alining'iniza vitufe vidogo vya chuma ndani ya utupu na kuvizungusha zaidi ya mara 300,000 kwa sekunde, nasema kwa sekunde, katika miaka ya 1940! Mwaka 1976 ikaanzishwa Ufaransa kampuni ya S2M iliyozifanya beringi hizi kuwa bidhaa ya kiwandani, na mwaka 1988 wataalamu wa dunia nzima wakakutana Zurich kwa kongamano lao la kwanza. Bodi hii ya kijani ni mrithi wa safari hiyo yote.

Ndani ya bodi

Sasa tuingie ndani, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Koili moja inayolizunguka tundu lote inapewa mkondo unaobadilisha mwelekeo mamia ya maelfu hadi mamilioni ya mara kwa sekunde. Mkondo huo unazaa uga wa sumaku unaoufikia uso wa shafti. Mahali hapo shafti imevishwa pete ya alumini, metali inayopitisha umeme vizuri. Uga unaobadilika ukiigusa alumini unaamsha ndani yake mikondo midogo inayojizungusha, ndiyo mikondo ya edi, nayo inatoa uga wake wa kuupinga ule wa kwanza. Pete ikisogea karibu na koili, upinzani unakua. Ikisogea mbali, unafifia.

Na mikondo hiyo haizami! Kwenye hezi milioni moja inabaki kwenye tabaka la juu la alumini, kina cha milimita 0.08 hivi. Chuma kilicho chini ya pete, pamoja na sumaku yote iliyobaki ndani yake na tofauti zote za madini yake, hakina nafasi ya kuuharibu usomaji. Pete nyembamba tu ya alumini, iliyokerezwa vizuri, inatosha kuifanya shafti yoyote isomeke.

Kwenye bodi hiyohiyo zimechapwa koili nyingine nne za kupokea, kila moja ikishika robo ya mduara. Volti ya kulia inapunguzwa kwa volti ya kushoto, ya juu inapunguzwa kwa ya chini. Saketi ya pembeni inayachuja masafa ya juu, na kinachotoka ni volti mbili safi: moja ya mlalo, moja ya wima. Hizo ndizo habari zote ambazo kidhibiti kinahitaji kutoka mwisho mmoja wa shafti. Weka bodi ya pili mwisho wa pili, ongeza kihisi kimoja cha mbele na nyuma, na shafti haina tena pa kujificha.

Kutoa upande mmoja kutoka mwingine kunaonekana jambo dogo, kumbe ndiko kunakobeba kazi nzima. Bodi ikipata joto, shaba ya koili zote nne inabadilika kwa pamoja, na kinachobadilika kwa pamoja kinafutika kwenye kutoa. Oskileta inayoilisha koili ya kwanza ikiongeza nguvu kidogo, ishara za pande mbili zinapanda pamoja, na shafti iliyo katikati inabaki kusomeka katikati. Kinachobaki hai ni tofauti, na tofauti ndiyo mahali pa shafti. Wahandisi waliochora koili hizi wamefanya hesabu ikafanyike ndani ya shaba yenyewe, kabla kompyuta haijaamka.

Mezani kwangu

Niliishika pete ya alumini kwenye kishikio chenye skrubu ya maikromita, nikaipitisha ndani ya tundu na kuisogeza sehemu moja ya mia ya milimita. Mstari wa osiloskopu ukaruka waziwazi! Nikairudisha, mstari ukashuka palepale ulipokuwa. Nikasogeza wima, na mstari wa mlalo ukabaki umetulia. Kisha nikaegemea meza kwa kiwiko, meza nzito ya mbao, na mistari yote miwili ikasogea. Kihisi kilikuwa kinaniona nikiipinda meza!

Nikakipulizia hewa moto. Ishara ya koili moja moja ilipanda taratibu kama fizikia inavyodai, lakini tofauti ya kulia na kushoto haikujali. Hilo pekee lingenitosha.

Jaribio nililolingojea zaidi ni la mkwaruzo. Nilichukua pete ya pili, nikaikwaruza makusudi mahali pamoja, nikaizungusha taratibu. Kihisi cha kawaida cha ncha, kinachotazama doa dogo la uso, kiliruka kila mkwaruzo ulipopita mbele yake, kana kwamba shafti nzima imegongwa. Ringi ilitikisika kidogo sana, kwa sababu kila koili yake inautazama upinde mpana wa uso na kuchukua wastani. Mkwaruzo mmoja ni sehemu ndogo ya upinde huo.

Kwa nini nafurahia hilo kiasi hiki? Kwa sababu kidhibiti hakina njia ya kujua kama kilichosogea ni shafti au ni uso wake tu. Kikiambiwa imesogea, kinapeleka mkondo. Uso wenye kasoro unakifanya kipige sumaku mara moja kwa kila mzunguko, mara 500 kwa sekunde kwenye mizunguko 30,000 kwa dakika, kikiitikisa shafti iliyokuwa imetulia. Kihisi kinachopuuza mikwaruzo kinaliondoa tetemeko hilo kabla halijazaliwa.

Kelele za umeme nazo ni jambo zito. Kidhibiti hakitumii mahali pekee, kinatumia pia mwendo, na mwendo kinaupata kwa kulinganisha kipimo hiki na kilichotangulia. Ulinganisho huo unakuza kila mtikisiko mdogo wa ishara. Kihisi chenye kelele huifanya beringi ivume kwa sauti unayoisikia kwa sikio, na koili zipate joto bure. Wimbi la kihisi hiki liko juu sana ya masafa ambayo amplifaya hukatia mkondo wake, kwa hiyo vichujio vinavitenganisha viwili hivyo bila shida. Mstari niliouona ulikuwa mwembamba na safi.

Na kasi! Ucheleweshaji katika mfumo huu ni sumu. Sekunde 0.00005 za kuchelewa zinaonekana si kitu, lakini kwa mtikisiko wa hezi 1,000 ni sawa na nyuzi 18 za mzunguko wa wimbi, na wabunifu wa vidhibiti hupigania hata nyuzi 5. Wimbi la mamilioni ya hezi linaruhusu uchujaji wa haraka, na ishara inafika ikiwa bado mbichi.

Wapinzani wake

Tuwatendee haki wapinzani, kwa maana ni wa heshima.

Kihisi cha ncha cha mikondo ya edi ndicho mzee wa kazi. Donald Bently wa Minden, Nevada, alikieneza katika mitambo mikubwa, na hadi leo mafundi wa turbini duniani wanaifahamu namba yake: volti 7.87 kwa kila milimita, kwenye umeme wa volti 24. Ni kigumu, kinavumilia mafuta na uchafu, kinabadilishwa kwa spana. Kwa kufuatilia mtetemo wa turbini bado ni mfalme. Lakini kinaona doa tu.

Vihisi vya indakta, vyenye koili zilizoviringishwa kwenye viini vya mabati membamba, vimebeba mashine kubwa za beringi za sumaku kwa miongo mingi. Ni imara mno na vinaweza kuzungushwa kuizunguka shafti nzima vichukue wastani. Ila vinataka shafti ivishwe mabati ya namna hiyohiyo, na ni vikubwa.

Vihisi vya kapasita ndivyo vyenye macho makali kuliko vyote, vinashuka hadi nanomita. Katika chumba safi ni vya ajabu. Lete unyevu au tone la mafuta kwenye mwanya, na kipimo kinapotea. Vihisi vya mwanga vina tatizo hilohilo kwa vumbi.

Vihisi vya Hall, vinavyopima uga wa sumaku, ni vya bei nafuu na vidogo, na ndivyo vinavyowaingiza vijana wengi kwenye fani hii. Changamoto yao ni kwamba vinaisikia pia sumaku ya umeme yenyewe inayofanya kazi ya kushikilia, na joto linavisogeza.

Halafu kuna ndoto ya kuachana na kihisi kabisa: kusoma mahali pa shafti kutoka kwenye mkondo wa koili za beringi zenyewe, kwa kuwa uindakta wa koili hubadilika na mwanya. Nyaya zinapungua, na kipimo kinachukuliwa mahali palepale nguvu inapotolewa. Ni wazo zuri ajabu. Lakini chuma kikikaribia kushiba sumaku, yaani pale unapokihitaji kipimo kuliko wakati wowote, usomaji unaharibika. Kwa shafti nzito ya gharama kubwa, mimi naichagua ringi.

Kukifunga ni nusu ya kazi

Hapa wahandisi wazuri hutambulikana. Shafti inayozunguka kwa kasi si nondo iliyonyooka, inapinda na kutetema kama mwili ulio hai, na katika kila namna ya kupinda kuna vituo visivyosogea kabisa. Kihisi kikifungwa pembeni ya sumaku, na kituo kimoja kikaangukia katikati yao, basi shafti inapopinda kwenda juu mbele ya sumaku, inakwenda chini mbele ya kihisi. Kidhibiti kinaambiwa kinyume cha ukweli. Kinasukuma upande usiofaa kwa uaminifu wote, na mtetemo unakua badala ya kufa.

Unene wa ringi hii ni jibu la tatizo hilo! Bodi ya milimita moja na nusu inajibana hadi ubavuni mwa sumaku, mahali ambapo kihisi kinene hakiingii. Kadiri kipimo kinavyolikaribia eneo la nguvu, ndivyo vituo vinavyopata shida ya kupenya katikati. Nilipoelewa hili ndipo nilipoacha kuuita wembamba wake urembo.

Jambo la pili lilinishika kooni kwa uzuri wake: shafti haielei katikati ya sumaku. Inaelea mahali kihisi kinaposema ni katikati. Kihisi kikifungwa kwa kosa la milimita 0.05, mashine nzima itazunguka nje ya katikati kwa milimita 0.05, kwa utiifu kamili. Ndiyo maana mfumo mzuri, kabla ya kuwashwa, huisukuma shafti polepole hadi iguse beringi za akiba kila upande, hukumbuka mipaka hiyo, kisha huchukua nusu ya njia. Shafti inapapasa chumba chake yenyewe!

Vipimo hivyohivyo ndivyo vinavyoihukumu mashine ikiwa kazini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14839 kinazipanga mashine za beringi za sumaku kwa kulinganisha mtikisiko wa shafti na mwanya mdogo kabisa uliopo. Kundi A, la mashine mpya zilizo bora, halitakiwi kuvuka asilimia 30 ya mwanya huo. Kwa mwanya wa robo milimita, huo ni mpaka wa milimita 0.075.

Na hapa pana mshangao mwingine. Hakuna rota, yaani shafti na vyote vilivyofungwa juu yake, iliyosawazishwa kikamilifu, kwa hiyo kila moja hutikisika ikizunguka. Zamani mhandisi alipambana na mtikisiko huo kwa beringi ngumu zaidi. Beringi ya sumaku, ikishaujua kwa uhakika mwendo wa shafti, inaweza kufanya kinyume: inaichuja sehemu ya ishara inayofuata mzunguko na kuipuuza, nayo shafti inaachwa izunguke kwenye mhimili wa uzito wake wenyewe. Nyumba ya mashine inatulia. Ujanja huo hauwezekani bila kihisi unachokiamini.

Kazi zake duniani

Usidhani hivi ni vitu vya maabara. Mwezi Agosti 2017 Marekani iliidhinisha pampu ya moyo ya HeartMate 3, ambayo rota yake inaelea kwa sumaku ndani ya damu ya mtu. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa Hannover, Ujerumani, mwaka 2014. Mwelekeo wa mbele na nyuma unashikiliwa na mvuto wa kawaida wa sumaku. Mlalo na wima vinapimwa na kusahihishwa wakati wote. Kwa kuwa hakuna beringi inayogusa, mianya ndani ya pampu imeachwa mipana, makumi ya mara kuliko upana wa chembe nyekundu ya damu, na chembe zinapita bila kusagwa. Kuna watu wanatembea mitaani sasa hivi kwa sababu kihisi kinajua rota iko wapi!

Septemba 2015 Norwe iliwasha kompresa za gesi za Åsgard kwenye sakafu ya bahari, kina cha mita 300 hivi. Shafti zake zinaelea kwa sumaku, kwa sababu huko hakuna fundi wa kwenda kubadilisha mafuta.

Katika majengo makubwa, kompresa ya Turbocor, iliyoanzia Australia miaka ya 1990, huzungusha shafti yake hewani bila tone la mafuta. Umeme ukikatika ghafla, jambo tunalolifahamu vizuri, mota yake inageuka kuwa jenereta: mwendo wa shafti yenyewe unazalisha umeme wa kulisha sumaku na vihisi mpaka shafti ipunguze kasi na kulala taratibu. Inajibeba hadi mwisho!

Na Shanghai, treni iliyoanza biashara mwaka 2004 ilijengwa kufikia kilomita 431 kwa saa, ikielea kwa mwanya wa sentimita moja hivi. Vihisi vyake vya mwanya havisomi uso laini. Juu yao kuna reli ya chuma yenye meno na mifereji inayopita kwa kasi hiyo yote, na lazima vichukue wastani wa meno ili treni isiruke kila jino. Ni mantiki ileile ya upinde mpana niliyoiona kwenye ringi yangu, ikibeba abiria.

Yasiyonipendeza

Ringi ni duara kamili, kwa hiyo inaingia kwa kupitishwa mwisho wa shafti. Kwenye mashine kubwa hilo linamaanisha kufungua mengi ili kubadilisha bodi moja. Kila kipenyo cha shafti kinadai bodi yake. Eneo lake la kupima ni dogo, na pembeni ya eneo hilo ishara inaanza kupinda, japo kwa beringi yenye robo ya milimita hilo halizuii kitu. Pete ya alumini lazima ikerezwe kwa uangalifu na ibane vizuri, maana kwa kasi kubwa alumini hutanuka. Na bodi ya nyuzi za glasi haiwezi kukaa jirani na gesi ya moto ya turbini. Hapo waachie wazee wa indakta.

Hayo ni masharti ya kuyajua kabla ya kununua, na hakuna hata moja linalopunguza furaha yangu.

Ukitaka kuanza

Mwanafunzi wa ufundi asingojee ringi ya kiwandani. Sumaku moja ya kudumu, koili moja, kihisi cha Hall cha aina ya 49E na kidhibiti kidogo vinatosha kuning'iniza kitu hewani mezani. Utakutana mara moja na tatizo la kihisi kuisikia koili, na tiba yake inafundisha kuliko kitabu: weka kihisi cha pili upande wa pili wa koili, toa kimoja kutoka kingine, koili inafutika na sumaku inayoelea inabaki. Ni kutoa kulekule kwa kulia na kushoto! Ukishaelewa hapo, chora koili zako kwenye bodi. Koili iliyochapwa haigharimu zaidi ya bodi yenyewe, na chipu za kupima uindakta zinapatikana. Kwa rota ya kasi zitakuwa nzito kidogo. Kwa kujifunza, zinatosha kabisa.

Hukumu

Nunua, jenga, omba, azima, lakini kitie mkononi. Kwa shafti za kasi zinazokaa mahali pasipo na joto kali, kihisi cha ringi ndicho chaguo langu la kwanza bila kusita: chembamba, cha haraka, kisichojali mkwaruzo wala joto la kawaida, na rahisi kuchapwa kwa usahihi uleule mara elfu.

Na siku muuzaji atakapokuonyesha mashine ya beringi za sumaku na kuanza kusifu nguvu za sumaku zake, muulize maswali manne. Kihisi kiko umbali gani kutoka kwenye sumaku? Kinatazama uso wa namna gani? Kinachelewa kiasi gani? Katikati yake kinaipataje? Akiyajibu yote manne bila kubabaika, mashine yake itaelea. Akirudi kwenye sumaku, nenda kwa muuzaji mwingine.